Dramu za Wimbo wa Sita

Tangu nilipokabidhi ufunguo wa studio miezi miwili iliyopita, ninyi vijana mmenipigia simu mara nyingi kuliko mlivyonisalimia tulipokuwa tukikaa chumba kimoja. Mara waya huu unaingia wapi, mara mbona upande wa kushoto unavuma. Juzi mmoja wenu akasema, Mama, andika yote mara moja utupumzishe. Haya, naandika. Ila msitafute humu habari za kupandishwa cheo, kwa maana studio ya vyumba viwili haina pa kupanda. Mshahara nao mnaujua, ni huo huo mnaoulalamikia.

Jina langu ni Onziru. Kwa Kilugbara ni jina la mtoto aliyezaliwa katika ubaya, na kweli nilizaliwa wakati baba na mama hawasemezani. Watu wamenishauri mara kadhaa nilibadilishe, nami huwajibu kwamba nimeshalizoea. Baba alikuwa askari, kwa hiyo Kiswahili kilinifikia mapema: tulilia nacho, tukacheza nacho, tukatukanana nacho kambini. Serikali aliyoitumikia ilipoanguka tukatoka Arua, tukavuka mpaka na vyombo vichwani hadi Ariwara, upande wa Kongo. Nilikuwa msichana mkubwa, shule imekatika, na huko ndiko kazi iliponikuta.

Ilinikuta kwenye meza ya Papa Anselme, fundi wa redio na kaseti aliyekaa chini ya turubai karibu na soko. Nilikuwa nakwenda kusimama pale kila siku kusikiliza muziki wa bure, naye akachoka kuniona nimesimama, akanipa kigoda. Wiki tatu hakuniruhusu kugusa hata bisibisi. Alinigeuza nimpe mgongo, akawasha redio mbovu, akauliza inaumwa wapi. Nikikosea anaizima, anairudia kesho. "Mutoto, sikia kwanza," aliniambia. "Mukono itakuja yenyewe." Mimi nilidhani amejipatia mfagiaji wa bure. Lakini kufikia wiki ya nne nilikuwa naweza kutofautisha spika iliyochanika na mtangazaji mwenye mafua, na wako mafundi wazima mjini Arua ambao mpaka leo hawawezi.

Kwake nilijifunza kusafisha kichwa cha kinasa sauti kwa mswaki na spiriti, kurudisha kaseti kwa penseli ili betri isiliwe bure, na kukunja waya. Hili la waya nalirudia kwa sababu nimewaona mnavyofanya. Waya wa maiki hauzungushwi kwenye kiwiko kama kamba ya mbuzi. Unaufuata unavyotaka wenyewe kujikunja, duara moja ndani, duara moja nje. La sivyo utakatika ndani kwa ndani, na mtamtafuta mchawi bure. Bisibisi aliyoniachia Papa, ile yenye mpini uliofungwa utepe mwekundu, nimeondoka nayo. Msiitafute.

Tuliporudi Arua nilitengeneza redio sokoni miaka kadhaa, kisha mzee mmoja akafungua studio ya kurekodi na akasikia kuna mwanamke anayejua vinasa sauti. Nitamwita Bosi tu, kama mnavyomwita. Siku yangu ya kwanza mteja alikuwa mwimbaji wa harusi, mwanamume mwenye kofia. Akaingia, akanisalimu vizuri, akakaa. Nikamwambia asogee kwenye maiki. Akasema anamsubiri fundi. Nikamwambia basi tusubiri wote. Tukasubiri karibu nusu saa, mimi nasafisha vichwa, yeye anaangalia mlango, mpaka Bosi akapita na kuuliza kwa nini hatujaanza. Yule bwana aliimba vizuri sana siku ile, nadhani kwa aibu.

Kesi ngumu zilikuwa za mabati na za majirani. Mvua ikianza, hata uwe na maiki ya aina gani, unarekodi mvua. Miezi ya mvua tulifanya kazi asubuhi tu, na mteja aliyechelewa alirudi kwake. Halafu kulikuwa na jirani mchomeleaji wa mageti. Kila alipogusa chuma, mashine yetu ilitoa sauti ya mbu. Nilikwenda kumwomba tupangiane saa, akakubali kwa sharti moja, kwamba tumrekodi mama yake akiimba. Tulimrekodi. Yule mama alikuwa na sauti kuliko nusu ya wateja wetu, na mchomeleaji hakutusumbua tena.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo pale studio tulilifanya miaka mingi na hatukulitaja mbele ya watu hata mara moja. Tuliliita kiraka. Kikundi kinakuja, kinapiga, mmoja wao anayumba: anakosa nyuzi, au anawakimbia wenzake. Tunawasifu, tunawaambia warudi wiki ijayo kusikiliza. Wakishaondoka namwita Sande. Huyu Sande alikuwa mwanamume mpole, mwenye duka dogo la sabuni nyuma ya studio, na aliweza kupiga chochote chenye ngozi, nyuzi au vitufe. Anaipiga ile sehemu upya, safi kabisa, mimi naifuta ya mteja. Wiki ijayo wanakuja, wanasikia, wanapigana mabegani kwa furaha. Studio yenu inasafisha kweli, wanasema. Ndiyo, tunajibu, inasafisha. Sikuandika popote nani kawekewa kiraka, na ile ya kwanza niliifuta kila mara ili kusiwe na maneno. Sikuwahi kukosa usingizi kwa sababu hiyo. Niliona ni adabu ya kazi, kumwondolea mtu aibu bila yeye kujua.

Mafiga Manne walikuja kwetu mwaka wangu wa mwisho. Ni wanawake wanne wa Koboko, wanapiga pop yenye roki ndani yake, gitaa linalokwaruza na sauti tatu juu. Zubeda ndiye mwimbaji na mpiga gitaa, na ndiye mwenye mdomo. Asianzu yuko kwenye besi, Ayikoru kwenye kinanda, Kiden kwenye dramu. Niliwauliza jina hilo wamelitoa wapi, maana chungu hukaa juu ya mafiga matatu. Zubeda akasema, "Chungu yetu iko kubwa." Nikaona hawa tutaelewana.

Walikuja na jambo moja kichwani. Kwao Koboko walikuwa wamepiga kwenye harusi na mikutano kwa miaka, na bado watu walisema hawapigi, wanawekewa muziki, wanaume wamefichwa nyuma. Katika harusi moja mjomba wa bwana harusi aliinuka akaenda nyuma ya pazia kuwatafuta hao wanaume. Alikuta kreti za soda. Akarudi akatangaza kwamba wamekimbia. Kwa hiyo albamu yao ya kwanza, nyimbo nane, walitaka waipige wenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho, asiguse mtu mwingine. "Mama, sisi hapana taka musaada ya mutu," Zubeda aliniambia siku ya kwanza. "Mukono yetu iko nane." Bosi akaitikia kwa kichwa. Mimi pia nikaitikia kwa kichwa.

Aliyeumizwa zaidi na maneno ya watu alikuwa Kiden. Mwimbaji watu wanamwona kinywa kinafunguka, lakini dramu, walimwambia, zinatoka kwenye sanduku. Alikuwa na miaka thelathini hivi, mtu wa sauti ndogo, fundi cherehani mbele ya duka la vitambaa. Dramu alijifunza kwenye bendi ya shule, na baada ya shule, kwa kuwa hakuwa na dramu nyumbani, mguu aliuzoeza kwenye cherehani. Nilimuuliza anataka nini kutokana na albamu hii. Akafikiri kwanza. "Nataka mutu akae kwake, redio inalia, aseme, ile iko Kiden wa cherehani." Hakutaka zaidi ya hapo.

Tulianza na dramu, siku tatu. Utaratibu mnaujua: mpiga dramu anavaa hedifoni, kompyuta inampigia tiktaki, anaifuata, halafu wengine wanakuja kujenga juu yake. Nyimbo tano zikapita vizuri. Wa sita, "Nisubiri Oraba", ukanishinda. Ni wimbo wa mwendo wa kati, mtu anamwambia mwenzake aliyetangulia Oraba, kule mpakani, amsubiri. Kila Kiden alipopiga, dramu ya mguu ilikuja nyuma ya tiktaki. Kidogo tu, mtu wa kawaida hasikii. Mimi nasikia. Tukaurudia mara kumi na moja. Jasho linamtoka, anaomba radhi kila tukimaliza, mwishowe nikamwambia imetosha, imekaa. Haikuwa imekaa. Wa saba na wa nane zikapita, naye akarudi Koboko haraka kwa sababu shule zilikuwa zinakaribia kufunguliwa na sare za watoto zilikuwa zimemlundikia.

Alhamisi nikamwita Sande. Hata saa moja haikufika. Nikaifuta ya Kiden, nikaiweka ya Sande, na wale watatu walipokuja kurekodi besi, kinanda na gitaa, walipiga juu ya dramu za Sande bila kujua. Zubeda hata alisifu, akasema wimbo wa sita umetulia. Sitafuti kisingizio. Nilikuwa nimebakiza miezi minne kazini na nilitaka kazi yangu kubwa ya mwisho itoke bila doa. Wale wanawake waliniambia wazi wanachotaka, nikaitikia, na bado nilifanya. Nimewahi kujiuliza kama ningefanya vile laiti wangekuwa wanaume, na jibu ni ndiyo, niliwafanyia wanaume wengi. Lakini wanaume hakuna aliyekwenda kuwatafutia watu nyuma ya pazia.

Siku ya kusikiliza wote wanne walikaa kwenye benchi la chumba cha mashine, Bosi mlangoni na kikombe chake cha chai. Nikacheza wimbo wa kwanza hadi wa tano. Mguu wa Kiden ulikuwa unagonga sakafu pamoja na dramu, na nadhani mwenyewe hakujua kama anagonga. Wa sita ukaanza. Mguu ukagonga, ukajikwaa, ukajaribu tena, ukatulia. Nilimwona. Nikainamia hedifoni nikajifanya nasafisha sponji zake.

"Hii hapana mimi," akasema.

Zubeda akacheka, akamwambia ni yeye, nani mwingine, aache maringo. Bosi akasema kile asemacho siku zote, kwamba mashine inasafisha. Kiden akaomba turudie. Nikarudia. Akasikiliza mpaka mwisho ameinamisha kichwa, kisha akanigeukia mimi, si Bosi wala wenzake.

"Mama, iko mimi?"

"Ni wewe," nikamwambia.

Akaniamini. Ningependelea angebisha, anitukane hata, lakini aliniamini. "Basi mimi mwenyewe hapana jua mukono yangu," akasema, na nyimbo mbili zilizobaki alizisikiliza mguu umekaa kimya.

Siku ya nne tangu hapo Zubeda akanipigia simu. Kiden alikuwa amerudisha vijiti vya dramu. Amesema wamtafute mwingine, kwa maana mtu asiyejitambua akisikia upigaji wake mwenyewe, labda waliomsema walisema kweli. Uzinduzi ulikuwa wiki tatu mbele, matangazo yameshabandikwa Koboko nzima, na Zubeda, ambaye sijawahi kumwona amekosa la kusema, alikuwa analia kwenye simu. Aliniomba niongee naye. "Wewe anakusikia," akasema.

Nilikata simu nikakaa. Kunyamaza kulikuwa rahisi. Wangepata mpiga dramu mwingine, albamu ingetoka, mimi ningeagwa kwa keki na hotuba. Kiden angebaki na cherehani yake akidhani masikio yake ni mabovu, na masikio yake yalikuwa mazuri kuliko ya watu wote waliokuwa chumbani siku ile. Kesho yake asubuhi nikapanda gari kwenda Koboko.

Nilimkuta barazani, sare za shule zimemjaa mpaka magotini, cherehani inakwenda. Hakuniona mara moja. Nikasimama nyuma yake, na nikausikia mguu. Anasukuma, anangoja kidogo, anasukuma. Kule kungoja kulikuwa kule kule kwa wimbo wa sita, kipimo kile kile, muda wote niliosimama pale. Mtu anayekosea hachelewi kwa kipimo kimoja, mara huchelewa hivi, mara vile. Kiden hakuwa anakosea. Huo ndio ulikuwa upigaji wake, na katika wimbo wa mtu anayesubiriwa ulikaa mahali pake. Mimi niliyejisifu kwa masikio maisha yangu yote nilikuwa nimeisikiliza tiktaki, yeye sikumsikiliza.

Nikamsalimu, nikapewa kiti, nikasema kabla hata ya kuulizwa habari za Arua.

"Dramu za wimbo wa sita alipiga Sande. Mimi ndiye niliyemwita."

Mguu ukasimama. Akabaki ameshika kitambaa, sindano imezama ndani.

"Wewe ulisema iko mimi."

"Nilikudanganya."

"Siku tano," akasema. "Siku tano mimi nasema kichwa yangu imeharibika."

Aliuliza ni nyimbo ngapi, nikamwambia ni huo mmoja. Aliuliza ile aliyopiga yeye iko wapi, na hapo ndipo niliposhindwa kumtazama, maana ilibidi niseme nimeifuta. Nikamwomba msamaha. Akaja mteja, mama mwenye kitenge kipya, anataka kupimwa. Kiden akainuka akampima, na kwa kuwa nilikuwa nimesimama bure akanipa ncha ya utepe niishike kiunoni mwa yule mama. Nikaishika. Akaandika vipimo, akamuaga mteja, akakaa tena.

"Utasema mbele yao," akasema. "Mbele ya Bosi pia. Hapana mimi peke yangu."

Nikasema. Niliwaita wote studio, Sande naye akaja na aproni ya dukani, na nikaeleza kuanzia siku ile ya Alhamisi. Zubeda alinitolea maneno ambayo sitayaandika, mengine nilikuwa sijayasikia tangu kambini. Asianzu na Ayikoru walisogeza viti vyao mbali na changu. Sande aliomba radhi kwa Kiden, akasema yeye alidhani wenyewe ndio wamemwagiza, na kwa miaka yote hiyo hakuwahi kuuliza. Bosi alingoja wote wamalize, kisha akauliza swali moja tu: nani angejua? Nikamwonyesha Kiden kwa mkono. Bosi akasema basi, lakini studio ina wateja mpaka mwisho wa mwezi, wakitaka kurudia wasubiri. Kusubiri kulikuwa ni kuukosa uzinduzi.

Kwa hiyo Jumamosi nilibeba laptopu, maiki sita na waya zangu nilizozikunja mwenyewe, nikaenda kurekodi Koboko, katika darasa la shule ya msingi ambalo Ayikoru alituombea kwa mwalimu mkuu. Kwa kuwa wale watatu walikuwa wamejenga juu ya Sande, kiraka kimoja hakikutosha tena. Wimbo wote ulibidi upigwe upya, wote wanne kwa pamoja. Tulitundika magodoro madirishani, tukajaza vitenge kwenye pembe, tukageuza madawati yatazame ukuta. Dramu za Kiden zilikuwa za kuazima, na ngozi moja nililazimika kuikaza kwa bisibisi mara tatu. Tiktaki sikuiwasha. Zubeda alikuwa hasemi nami, maagizo yake yote yalipitia kwa Asianzu, ingawa kati yetu palikuwa na hatua mbili tu. Mwambie asogeze maiki. Nimesogeza. Mwambie nimeona.

Mara ya kwanza mbuzi waliingilia kati. Mara ya pili ilikuwa nzuri, lakini katikati adhana ya adhuhuri ikaanza, tukasimama, Zubeda akaenda kuswali, tukamngoja. Mara ya tatu walipiga mpaka mwisho. Nilisikia ule mguu unakuja nyuma kidogo, na besi ya Asianzu, ambayo studioni ilikuwa imenyooka tu, sasa ilikuwa inaungoja. Nikawapa hedifoni wasikie mmoja mmoja, Kiden wa mwisho. Alisikiliza amefumba macho, mguu unagonga sakafu ya darasa. Alipozivua akanirudishia.

"Hii iko mimi," akasema.

Sikuongeza kitu wala sikupunguza. Ubora wa sauti uko chini kidogo ya nyimbo nyingine saba, na mkisikiliza vizuri mtasikia kuku kwenye ubeti wa pili. Mwacheni.

Uzinduzi ulifanyika siku ile ile iliyopangwa. Nilikaa kwenye mixa. Baada ya wimbo wa tano Kiden, ambaye haongei jukwaani, akaomba maiki, akawaambia watu wa Koboko kwamba wimbo unaofuata studio ilimweka mwanamume apige, kisha wao wakaurudia, na kwamba leo mwenye kutaka kwenda nyuma ya pazia aende sasa. Watu wakacheka, wengine wakapiga vigelegele. Hakunitaja. Nikainua mkono mwenyewe, kwa sababu nilijisikia vibaya kukaa pale kama mgeni. Wale wa karibu walinitazama wakidhani naomba maji. Lakini wimbo ulipigwa, na wajomba kama yule wa harusini walikaa kwenye viti vyao wakitazama mguu wa Kiden mpaka mwisho.

Zubeda alinisalimu tena baada ya mwezi. Bosi hakupenda, kwa sababu Kiden aliyasema yale yale redioni, na kikundi kimoja kikapiga simu kuuliza, kisha kingine. Mimi nikamaliza miezi yangu. Keki ilikuwepo, hotuba ilikuwa fupi. Kwenye kabati la kushoto mtakuta daftari nililoanzisha: tarehe, wimbo, na jina la aliyepiga kila chombo. Limejaa kurasa tisa tu, kwa sababu nililianza mwishoni. Endeleeni nalo, na msifute ya kwanza hata kama ni mbaya kiasi gani. Nafasi kwenye kompyuta ipo.

Wiki iliyopita asubuhi nilikuwa uani hapa nyumbani Ediofe, napepeta simsim, akaingia mama mmoja wa rika langu, viatu mkononi kwa sababu ya matope. Akajitambulisha kwamba anaitwa Tabisa, anatoka Kuluva, na kwamba amemsikia Kiden redioni. Nikampa kiti na chai. Akatoa leso, akaifungua, ndani mna kaseti ya studio yetu, ya kikundi cha akina mama cha zamani, mwandiko ni wangu, wino wa kijani. Alikuwa akipiga kinanda. Wenzake wengi wameshafariki.

"Dada," akasema, "kinanda ya hapa ndani, iko mimi ama iko ile kijana yenu?"

Nikaingia ndani nikaleta redio ya kaseti, tukasikiliza wimbo wa kwanza, kisha wa pili. Kinanda kilikuwa safi. Lakini hilo halikuniambia kitu, kwa sababu Sande alipiga safi, na wako wateja waliopiga safi pia. Nilisikiliza kwa kila nilichofundishwa. Mkono wa huyu mama sikuwahi kuujua, sikuandika, na kama kulikuwa na ya kwanza, niliifuta mwenyewe.

"Sijui, dada," nikamwambia. "Na hakuna mahali pa kuangalia."

Akaitoa kaseti kwenye redio, akaiweka mezani.

"Mimi nimeambia watoto yangu iko mimi," akasema. "Na wajukuu."

Alimaliza chai, akanishukuru, akakunja leso yake. Akavaa viatu pale mlangoni, na kaseti akaiacha mezani.